Shingo ya Kathini

Mama yeyote mwenye mtoto anayemeza dawa ya kifua kikuu na aketi asikie jinsi Kaluki wa Emali alivyotaka kumweka binti yake chini ya wembe, akimshika mkono yeye mwenyewe, na nia yake ilikuwa njema. Nia njema ndiyo ya kuogopa. Nia mbaya watu huiona mapema wakaizuia.

Kathini alikuwa amepona, au hivyo ndivyo kila mtu nyumbani alivyoamini. Hospitalini walikuwa wamechoma sindano kwenye tezi za shingo wakakuta ni kifua kikuu, lakini kilikaa shingoni, hakikukaa kifuani. Eksirei ya mapafu ilitoka safi. Damu ilipopimwa, ule ugonjwa mwingine ambao majirani hukimbilia kuutaja haukuwepo. Akapewa vidonge vya miezi sita, na mwezi wa kwanza homa ikaondoka. Msichana aliyekuwa akisukuma sahani kando akaanza kuuliza kama muthokoi ya mahindi imebaki sufuriani. Tezi zikanywea mpaka ikabidi uzitafute kwa kidole.

Halafu, wakati ambapo wangepaswa kumshukuru Mungu na kusahau, shingo ikafura upya. Ilifura kuliko mara ya kwanza. Chini ya sikio la kushoto uvimbe ulikuwa kama yai la kuku, ngozi imevutika ikang'aa, na ukiugusa una moto. Jioni homa ilirudi. Kathini akawa analala upande mmoja tu.

Kama ungekuwa ugonjwa peke yake, Kaluki angevumilia. Lakini siku ya ntheo, ile ya kuleta mbuzi wa posa, ilikuwa imeshapangwa. Nzau, fundi wa stima kutoka Tulia upande wa Kitui, ambaye alimjua Kathini alipokuja Emali kufunga nyaya dukani alikofanya kazi, alikuwa aje na watu wake na mbuzi. Na kwa Mkamba mbuzi wa ntheo si zawadi ya kawaida. Wakiingia bomani na mmoja akachinjwa akaliwa, msichana ni mke, hata kama mahari mengine yatachukua miaka. Wasipoliwa, hata mzae watoto mjaze nyumba, bado yeye ni mgeni kwa hao watu. Na wakirudishwa, wakipita tena barabarani kurudi walikotoka huku watu wanatazama, hilo litasimuliwa mpaka kwenye mazishi yako.

Kaluki alipiga hesabu kila mara alipoinua jembe au mwiko. Shingo ile haingeisha kabla ya siku hiyo.

*

Kathini aliuza nafaka katika duka la Wamaitha, mama mfanyabiashara kutoka Murang'a aliyehamia Emali zamani na kujenga karibu na barabara ya Loitokitok. Wamaitha hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Kathini kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye mizani na hakujua kuiba. Lakini uvimbe ulipotokeza juu ya kola, Wamaitha alienda sokoni akarudi na kikombe cha plastiki, chekundu, akasema ni zawadi. Tangu siku hiyo chai ya Kathini ilimiminwa mle, na kikombe kikawekwa peke yake dirishani, mbali na vingine.

Baada ya wiki akamhamisha. Akamwambia aende nyuma ya magunia achambue ndengu, mbele atasimama mwingine.

"Si ati nakufukuza, Kathini," alisema akiangalia pembeni. "Ni wateja. Mtu amekuja kununua chakula, hataki kuona kitu ya kumsumbua roho."

Kathini alichambua ndengu. Alikuwa ameelezwa kliniki kwamba kifua kikuu cha tezi hakirukii mtu kwa kikombe wala kwa pumzi, na angeweza kusema hivyo, lakini mtu akishakununulia kikombe huna tena mahali pa kuanzia. Alisikia wanawake wawili wakinong'ona upande wa pili wa magunia kwamba dawa za serikali zimemkataa yule msichana wa fundi wa panja. Mmoja alisema dawa zikikukataa hakuna zingine. Mwenzake akaomba apimiwe maharagwe kilo mbili.

Nyumbani, aliyekuwa na jibu ni Susu, yaani nyanya yake, mama yake Musyimi. Musyimi mwenyewe, mume wa Kaluki, alishinda kando ya barabara kuu akiziba panja za lori, na habari za shingo alizisikia robo robo. Susu ndiye aliyekaa na mgonjwa mchana kutwa, na alikuwa amefikiri mpaka mwisho. Tezi zilikuwa ndogo kabla ya dawa, alisema, na sasa mtoto amemeza dawa karibu miezi miwili na tezi zimekuwa kubwa. Hata mkojo umegeuka mwekundu kama chai ya rangi.

"Mtu akinywa kitu, mkojo ukatoka na rangi ya moto, hiyo kitu inachoma huko ndani," alisema Susu. "Hii dawa ndiyo inamfurisha. Mnamlisha ugonjwa na maji safi."

Kaluki alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na aliambiwa kliniki kwamba mkojo utageuka rangi na asishtuke. Lakini maneno ya kliniki yalikuwa ya juzi, na uvimbe ulikuwa mbele yake. Alitazama shingo, akatazama vidonge, akaona Susu anasema kweli. Akachukua mfuko wa dawa akauficha ndani ya debe la mbaazi, akamwambia Kathini waupumzishe mwili kidogo mpaka ntheo ipite, kisha wataendelea.

Kathini hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa na homa, na alikuwa mtoto wa Kaluki. Mtoto aliyelelewa vizuri huweza kufa kwa adabu, na hili akina mama tusilichukulie kwa mzaha.

*

Susu ndiye aliyejua habari za Ndululu. Huyu Ndululu alikuwa mtu wa Mbumbuni, alionekana huko siku za soko nyuma ya vichinjio, na kazi yake ilikuwa kupasua tezi. Alikuwa anapasua, anakamua, anapaka majivu ya dawa zake, na mtu anarudi nyumbani shingo imelala. Ndivyo watu walivyosema. Kaluki alimwambia mumewe kwamba yeye na Kathini wanaenda kutazama bei ya ndengu. Akashika jogoo mmoja chini ya kwapa, wakaondoka mapema.

Ndululu alikuwa mwanaume msafi, mchangamfu, shati limepigwa pasi. Alimshika Kathini kidevu akamgeuza kwenye mwanga, akabonyeza uvimbe kwa kidole gumba mpaka machozi yakamtoka msichana, akasema umeiva. Akasema ataung'oa na mizizi yake, na Jumamosi ya wageni hakuna atakayejua kulikuwa na kitu hapo. Kaluki aliposikia hivyo alihisi mgongo wake umekuwa mwepesi. Alimpa jogoo kabla hajaulizwa.

Kwenye ubao kando ya mlango palikuwa na mwanamke mwingine anangoja, amejifunika leso mpaka masikioni. Ndululu alipoingia ndani kuchukua wembe mpya, inzi walikuwa wanamzunguka yule mwanamke, naye anawafukuza kwa mkono bila kuwatazama, kama mtu aliyezoea. Kathini akamsalimia. Akamuuliza kama na yeye amekuja kupasuliwa.

Mwanamke akasema yeye alishapasuliwa. Alipasuliwa wakati wa kupanda, na sasa watu wanavuna. Amerudi kupakwa majivu tena kwa sababu pamekataa kufunga. Alisema hayo bila uchungu, kisha akafungua leso kidogo ili hewa iingie. Palikuwa na shimo mahali pa tezi, na kitu kama maziwa yaliyoharibika kilikuwa kinashuka polepole kuelekea kwenye kola.

"Alisema ataitoa na mizizi?" Kathini aliuliza.

"Alisema hivyo hivyo," mwanamke akajibu, akafunika.

Ndululu alipotoka, Kathini alikuwa amesimama. Kaluki akamshika mkono kumrudisha kwenye kigoda. Msichana ambaye hakuwahi kumvuta mama yake mkono katika maisha yake yote aliuvuta siku ile, mpaka shanga za Kaluki zikakatika zikamwagika mavumbini.

"Mama, wewe unataka shingo ama unanitaka mimi?"

Watu wa vichinjio waligeuka. Kaluki aliona aibu imempanda mpaka kichwani, akainua mkono wa kumzaba kofi, na mkono ukabaki juu. Aliona leso ya yule mwanamke. Aliona inzi. Akaona kwamba akijibu swali hilo kwa kofi atakuwa amelijibu kweli.

Hakuokota shanga. Ndululu alisema kwa upole kwamba wasichana wa siku hizi ni waoga, wamlete siku nyingine, lakini jogoo hakumrudisha, na Kaluki hakumdai. Walitembea mpaka barabarani. Huko Kaluki akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mfuko wa dawa uko ndani ya debe la mbaazi.

"Najua," Kathini akasema. "Nilikuwa nangoja unirudishie."

*

Pale kituo cha afya cha Emali, daktari wa kliniki ya kifua kikuu alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Ijabo, mzaliwa wa Garissa, mwembamba, mwenye haraka, anayeongea Kiswahili cha kukata kata. Kaluki aliingia akijua atapigiwa kelele mbele ya watu. Daktari aliuliza kama kuna siku dawa zimerukwa. Kaluki akasema hakuna hata moja.

Daktari alingoja. Kathini aliangalia miguu yake. Nje mtoto wa mtu alikuwa analia sindano, na Kaluki akamsikiliza mpaka akanyamaza, kisha akasema ni yeye aliyezificha, na walikuwa wametoka kwa mtu wa wembe.

Hakupigiwa kelele. Daktari alivuta kiti karibu, akasema maneno ambayo Kaluki aliyabeba kama mtu anavyobeba maji kichwani, bila kumwaga.

"Mama, kuacha dawa ndiyo kungemuua. Uvimbe usingemuua. Mtu akiwa na huu ugonjwa, mwili unachoka unalala, hata adui hauoni vizuri. Sasa dawa imeua vijidudu wengi, na huyu amekula akapata nguvu. Mwili umeamka. Umekuta mizoga yao imejaa kwa shingo, unaikimbilia yote kwa hasira. Huku kufura na hii homa, mara nyingi ni mwili wenyewe unafanya kazi."

Kaluki aliuliza hiyo "mara nyingi" maana yake nini.

Daktari akasema hapo ndipo hawezi kumdanganya. Mara nyingi huwa hivyo kwa mtu aliyekuwa ameanza kupona. Mara chache huwa ni vijidudu sugu vilivyokataa dawa, na kwa macho tu huwezi kutofautisha. Kwa hivyo atavuta usaha kwa sindano, si kwa wembe, na kuupeleka maabara kubwa. Huko wataupanda, kama mbegu, waone kama kutamea kitu. Kikimea, dawa itabadilishwa. Kisipomea, waliokuwa mle ni maiti watupu. Lakini mbegu ya ugonjwa huu inachukua wiki nyingi kuchipuka, na wakati huo wote kidonge kisirukwe hata kimoja. Alimwita mkubwa wake, wakashauriana, wakaongeza dawa ya kutuliza uvimbe.

"Na Jumamosi ya wiki ijayo?" Kaluki akauliza. "Itakuwa imeshuka?"

"Hapana, mama. Itakuwa hapo."

*

Jioni Kaluki alimwambia mumewe yote, kuanzia debe mpaka jogoo. Musyimi alisikiliza akisugua grisi kwenye vidole kwa sabuni ya unga. Alikasirika, lakini alikuwa mtu ambaye hasira yake ilikwenda mikononi, akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kisha akasema kama watu wa Tulia wanakuja, waambiwe. Yeye hawezi kumuuzia mtu gari akiwa amefunika gurudumu lenye panja.

Susu alisema hayo ni maneno ya wanaume. Kaluki naye, ingawa alikuwa ameona alichoona, alienda sokoni Ijumaa akanunua kitambaa kizuri cha rangi ya zambarau chenye nyuzi za kung'aa. Asubuhi ya Jumamosi akamfunga Kathini shingoni, mara tatu, akarudi nyuma kutazama, akasema kimekuwa kama mtindo.

Wageni walifika na magari mawili ya Probox, mbuzi watatu wakiwa nyuma ya moja, vichwa vimetokeza kati ya mifuko ya sukari na leso za kina mama. Walikuwepo Nzau na Mama Nzau, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kanisani, na Muli, baba mdogo wa Nzau, ambaye ndiye alikuwa msemaji. Walipewa viti chini ya turubai. Mbuzi wakafungwa langoni, kwa kuwa hawachinjwi mpaka msichana aitwe na kuulizwa kama anawajua wageni. Majirani walikuwa wamejipanga ukutani. Hata Wamaitha alikuja, amevaa viatu vya kisigino.

Kathini alitoka, akasalimia kila mtu kwa mikono miwili. Jua lilikuwa linachoma bati mpaka linalia. Alipofika kwa Mama Nzau, mama yule alimshika mikono akacheka.

"Na hii joto, mwanangu, umejifunga hivi? Kwani huko ndani umeficha nyoka?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja wa Tulia akasema afunguliwe waone wanachobeba. Kathini hakusogea. Alimtazama mama yake, si kwa kumlaumu, ila alimtazama tu akingoja, kama alivyongojea dawa irudi.

Kaluki alisimama. Sufuria ya chai ilikuwa bado mkononi, akakosa pa kuiweka. Alienda akafungua kitambaa mwenyewe kwa mkono mmoja, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtu ukutani akasema Yesu. Uvimbe ulikuwa pale, mwekundu, na bandeji ndogo mahali sindano ilipoingia.

"Ni kifua kikuu," Kaluki alisema. "Kimekaa kwa shingo, hakiambukizi mtu. Anameza dawa. Ilikuwa imepungua, ikafura tena, mimi nikafikiri dawa ndiyo mbaya, nikamnyima, nikampeleka kwa wembe. Nilikuwa nimeogopa nyinyi." Akakitupa kitambaa begani. "Nyinyi mmeona mwizi akishikwa sokoni. Mwizi ni mmoja, na saa zingine ameshaanguka. Lakini watu wanatoka kila upande, barabara inafunga, lori hazipiti. Ukiwa mbali unasema huko kumeharibika. Kumbe mwizi ndiye ameshikwa. Daktari amesema shingo ya mtoto wangu huenda iko hivyo."

Muli akauliza, akiwa bado ameketi, itakuwaje kama ni wezi ndio wameongezeka.

"Hapo sijui," Kaluki akajibu. "Wamepanda maabara waone kama itamea. Bado tunangoja. Siwezi kukudanganya."

Nzau akainuka. Alikuwa kijana wa maneno machache, na alisema machache: yeye alijua tangu mwanzo. Kathini alimwambia kabla hata ya kumeza kidonge cha kwanza, na yeye akaenda akapimwa, hana kitu. Mama yake akamgeukia, na kwa muda kila mtu alisahau shingo.

"Ulijua? Ukaniacha nishone nguo, nipange watu, nikope viti vya kanisa, na umenyamaza kama jiwe?"

"Ungekataa, mama."

"Ningekataa kabisa. Sasa nimeshavaa."

Muli hakucheka. Aliwaita wanaume wa Tulia kando ya magari, wakaongea migongo imegeuka. Waliporudi, alisema kwa heshima kwamba hawana ubaya na boma hili, lakini mtu hanunui ng'ombe anayekohoa, na siku nyingine Mungu akipenda. Akafungua kamba ya mbuzi wa kwanza. Majirani waliinua shingo ili wasikose chochote. Mbuzi akabebwa, kichwa kikaingia nyuma ya Probox, na Kaluki akaona ile picha aliyoiogopa imesimama mchana mbele ya macho yake. Jambo la ajabu ni kwamba aliitazama na hakufa. Alienda akasimama karibu na binti yake, sufuria bado mkononi.

"Muli, weka mbuzi chini," alisema Mama Nzau.

Muli akasema wameshakubaliana.

"Mmekubaliana nyinyi. Mbuzi yangu haipandi gari mara mbili kwa siku moja." Alienda yeye mwenyewe akamvuta kwa miguu ya nyuma. Kisha akawageukia watu wote, waliokaa na waliosimama ukutani. "Huyu mama angenidanganya na kitambaa, na ningedanganyika. Hakunidanganya. Mbuzi zinabaki hapa. Lakini hakuna inayochinjwa leo. Zitangoja mpaka huyu mtoto amalize dawa yote, halafu nitakuja kula."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa ntheo ambayo watu wa Emali hawakuwahi kuiona: mbuzi hawakurudi wala hawakuliwa. Wageni walikula muthokoi na maharagwe, wakashukuru, wakaenda.

*

Majirani waliwaita mbuzi wa rehani. Mtu akipita anauliza wanaendeleaje, kana kwamba anauliza habari za wagonjwa watatu. Susu aliwakatia majani na kuwatukana kwa zamu. Musyimi alichelewa kufungua kazi yake kila asubuhi, alisimama mbele ya Kathini na kikombe cha maji mpaka vidonge vyote vimeshuka na mdomo umefunguliwa atazame. Kathini alimwambia yeye si mtoto. Musyimi akasema hata tairi mpya hupimwa upepo.

Uvimbe haukuisha kwa siku moja kama kwenye mahubiri. Ulipungua, ukasimama, tezi nyingine ndogo ikatokeza upande wa pili, Kaluki akakosa usingizi, ikanywea yenyewe. Daktari alivuta usaha mara nyingine. Homa ikaondoka, ikakaa huko ilikoenda.

Halafu simu ikapigwa kutoka kituo cha afya. Kaluki aliipokea akiwa shambani, akarudi mbio na jembe begani. Susu alikuwa uani.

"Walipanda," Kaluki alisema akihema. "Haikumea kitu."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Susu amepanda mahindi Makueni maisha yake yote, na mvua imemdanganya misimu mingi. Alikaa chini kwenye mawe, akasema hajawahi kufurahi mbegu zikikataa kumea. Tangu siku hiyo ni yeye aliyeuliza asubuhi kama mtoto amemeza, na anayemjua Susu anajua kwamba huko ndiko kuomba msamaha kwake.

Wamaitha naye alituma mtu, kisha akaja mwenyewe. Mezani pesa zilikuwa hazilingani tangu Kathini apelekwe nyuma, alisema, kwa hivyo arudi mbele. Kathini alikubali. Siku ya kwanza alichukua kikombe cha plastiki dirishani, akakiweka mbele ya Wamaitha, akasema amemrudishia zawadi yake. Wamaitha akachukua kikombe chake mwenyewe cha udongo, akakimiminia chai, akamsukumia Kathini, na yeye akanywa kwenye kile chekundu. Hawakulizungumza tena.

*

Siku Kathini alipomaliza, daktari Ijabo alimpapasa shingo, akakuta kitu kidogo kama punje ya mbaazi. Akasema hicho huenda kikabaki, si ugonjwa, na kama kuna siku kitafura arudi hapo moja kwa moja. Kaluki aliuliza mara tatu kama dawa zimeisha kweli. Zilikuwa zimeisha. Alitoka nje akapiga simu Tulia, na Mama Nzau akasikika akiwaita watu kabla hata hajaikata.

Walikuja wengi kuliko mara ya kwanza. Kathini alisimama langoni na gauni lililokatwa shingo wazi, jua likimpiga. Mama Nzau hakusalimia mtu. Alienda moja kwa moja, akaweka kiganja kizima shingoni mwa msichana, mbele ya ukuta mzima wa majirani, akakiacha hapo, akazungusha kidole chini ya sikio.

"Muli," akaita bila kugeuka, "njoo na wewe ushike."

Muli alikuja. Alishika kwa vidole viwili, halafu kwa mkono. Alikohoa kidogo, akasema kwa kuwa siku ile alikuwa na maneno mengi, leo atachinja yeye mwenyewe. Ilibidi wanaume wawili wamsaidie, maana mbuzi alikuwa ameshakuwa mwenyeji na hakutaka kutoka zizini. Kathini alipoulizwa na baba yake kama anawajua wageni hawa, alisema anawajua. Aliulizwa tena kama mbuzi wao aliwe.

"Aliwe," akasema, na vigelegele vikapanda mpaka barabara kuu, dereva wa lori akajibu kwa honi bila kujua anashangilia nini.

Nyama ilipoiva, Mama Nzau alikata kipande cha kwanza. Hakumpa mwanawe wala bibi harusi. Alimtafuta Kaluki, ambaye hakuwa ameketi tangu alfajiri, akamshika bega akamkalisha, akamlisha kwa mkono wake. Kaluki alitafuna muda mrefu. Nyama ilikuwa ngumu, maana mbuzi yule alikuwa amekomaa akingoja. Akatafuna mpaka ikaisha, akafungua mdomo apewe nyingine.